Kinyago na Mchongaji: Vijihabari vya Nyuma ya Pazia katika Usomaji wa Shujaa wa Mzaha

Utangulizi

Wahenga wamesema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hii hutumiwa aghalabu kumkumbusha mtu aliyekwezwa na wenziwe kwamba waliomkweza wanamjua alivyo. Hata hivyo, ndani yake mna dai jingine, la kinadharia, ambalo halina budi kushughulikiwa na mhakiki wa sanaa za maonyesho: kwamba ajuaye namna kitu kilivyoundwa hawezi tena kuathiriwa na kitu hicho. Dai hilo likikubaliwa bila mjadala, basi habari zote za nyuma ya pazia (nani alivaa nini, kamba ilifungwa wapi, mshahara ulikuwa kiasi gani) huwa ama ni umbeya usiomhusu mhakiki, ama ni sumu inayoiua kazi ya sanaa mbele ya hadhira yake.

Makala haya yanalipinga dai hilo, na yanafanya hivyo kwa kuchagua kielelezo ambacho kwa mtazamo wa kwanza hakistahili karatasi ya jarida. Nacho ni mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Batman, uliorushwa na shirika la ABC kuanzia tarehe 12 Januari 1966 hadi tarehe 14 Machi 1968, jumla ya vipindi 120. Ni kazi ya mzaha. Shujaa wake, aliyeigizwa na Adam West, huvaa suruali ya kubana na joho, hutoa nasaha za mwalimu wa shule ya msingi huku akiwa amefungwa kwenye mtambo wa kumuua, na huokoka kila mara kwa kifaa ambacho hakuna aliyejua kwamba anacho mkandani. Uhakiki wetu wa miaka ya 1970 na 1980, uliopima kila kazi kwa mizani ya ukombozi wa jamii, ungeiweka kwenye kapu la fasihi pendwa na kulifunga kapu hilo. Mizani ile ilikuwa na faida zake. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba hadhira inayocheka haifikiri.

Mtazamo unaochukuliwa hapa ni wa mtazamaji wa Mishomoroni, katika bara la kaskazini la Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Uteuzi huu si wa pambo. Kituo cha televisheni cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 1970, miaka miwili baada ya mfululizo wenyewe kwisha kwao. Mtazamaji huyu hakuupata kwa wakati wake, wala hakuupata mzima. Ulimfikia vipandevipande: kwa kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, kwa diski, kwa picha iliyochorwa ubavuni mwa matatu, na zaidi ya yote kwa masimulizi ya watu waliouona au waliosikia kwa waliouona. Katika hali kama hiyo kijihabari huitangulia kazi. Mtu hujua kwamba ukuta ule haukuwa ukuta kabla hajauona ukuta wenyewe, na bado huketi kuutazama. Jambo hilo ndilo linalohitaji kuelezwa.

Masharubu chini ya rangi

Dhana inayohitajika hapa ni ile ambayo wahakiki wa Magharibi huiita kempu. Susan Sontag aliiandikia insha mashuhuri mwaka 1964, na tangu hapo imefasiriwa kwa njia nyingi zisizoafikiana. Kwa mahitaji ya makala haya, kempu ni ubandia unaojionyesha kwa makusudi na kwa mapenzi: msanii hakifichi kiungo kinachoshikanisha vipande vya kazi yake, bali hukiacha kionekane, naye hufanya hivyo kwa uso mkavu. Sharti la uso mkavu ni la lazima. Mwigizaji akicheka, kempu hugeuka kuwa kichekesho cha kawaida, na hadhira huondolewa jukumu lake, maana amekwisha kuchekewa.

Mtayarishaji wa mfululizo huu, William Dozier, alilielewa sharti hilo vizuri. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hakuwa msomaji wa vibonzo, na kwamba aliposoma vile vya Batman ili ajiandae kwa kazi aliviona kuwa ni upuuzi mtupu. Suluhisho lake lilikuwa kuuigiza upuuzi huo kwa uzito wa kupindukia, ili watoto wapate kisa cha ushujaa na wazazi wao wapate cha kuchekea. Msomaji wa ngano za Kiswahili hatashangazwa na hadhira hii ya sura mbili. Bibi anayetamba hadithi ya Sungura jioni huwa na wajukuu mbele yake na watu wazima pembeni, na neno lake moja hutua mahali pawili.

Katika mazingira hayo ndipo kinapopaswa kusomwa kijihabari maarufu kuliko vyote. Cesar Romero, aliyeigiza adui aitwaye Joker, alikataa katakata kunyoa masharubu yake. Masharubu hayo yalikuwa sehemu ya sura iliyompatia riziki katika filamu kwa miaka mingi, naye hakuona sababu ya kuyatoa kafara. Wapambaji waliyapaka rangi nyeupe pamoja na uso wake wote, na kazi ikaendelea. Picha inapokaribia, nywele zile huonekana waziwazi chini ya rangi. Msimulizi wa kijihabari hiki hukitoa kama ajabu, na msikilizaji hucheka. Lakini baada ya kicheko hubaki swali la kihakiki: je, anayeonekana pale ni Joker au ni Romero? Jibu la mfululizo wenyewe ni kwamba ni wote wawili kwa pamoja, na kwamba hakuna haja ya kuchagua. Mhusika anavaliwa juu ya mtu kama kanzu inavyovaliwa juu ya shuka, na upindo wa shuka ukichungulia hakuna anayedai kwamba kanzu ni uongo.

Kijihabari cha pili ni cha ukuta. Mara kwa mara Batman na mwenzake Robin huonekana wakipanda ukuta wa jengo refu kwa kamba. Kwa hakika ukuta ulilazwa sakafuni, kamera ikageuzwa kwa nyuzi 90, na majoho yakavutwa nyuma kwa nyuzi ili yaonekane yananing'inia. (Kiswahili kina nyuzi za pembe na nyuzi za kushonea, hapa zote mbili zilifanya kazi.) Waigizaji walitembea tu, wakiwa wameinama, huku wakizungumza kwa utulivu wa watu waliotoka msikitini. Watayarishaji hawakuishia hapo. Walifungua madirisha ukutani na kuwaweka watu mashuhuri watoe vichwa na kuwaamkia wapandaji. Wa kwanza wao alikuwa mchekeshaji Jerry Lewis. Mtu anayetaka kuficha hila hawezi kuweka dirisha katikati yake na kumwalika mgeni achungulie.

Mtoto wa Mishomoroni anayejifunga leso ya mamake shingoni na kuruka kutoka kwenye kizingiti anaujua mfumo huu wote bila ya kufundishwa. Anajua kwamba ile ni leso. Anajua kwamba ataitwa airudishe kabla haijachanika. Ujuzi huo haumzuii kuruka. Kwa kweli ndio unaomwezesha, kwa sababu mtoto aliyesadiki kabisa kwamba anaweza kupaa angelipanda juu ya paa na kuvunjika. Nadharia za maigizo zinazomtaka mtazamaji ama asadiki ama ajitenge, na hapa hata mafunzo ya Brecht yaliyowavutia watunzi wetu wa tamthilia yanahusika, hazimtoshi mtoto huyu.

Kuna hila nyingine ambayo ni ya lugha zaidi kuliko ya macho. Kila onyesho linapohamia kwenye maskani ya maadui, kamera hulazwa upande na sakafu huonekana imeinama. Sababu yake ni mchezo wa maneno: Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kilichopinda na kwa mtu asiye mwaminifu, basi nyumba ya mwovu ikapindwa. Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika hapa. Mambo ya mwovu huenda kombo, na kamera nayo imekwenda kombo. Hiki ni kijihabari chenye thamani ya kweli kwa mwanafunzi wa mtindo, kwa kuwa kinaonyesha namna tamathali ya usemi inavyoweza kugeuzwa kuwa pembe ya kamera, na mtazamaji akaielewa bila ya kuambiwa neno lolote.

Sauti inayowaunganisha wote hao ni ya msimulizi asiyeonekana. Katika misimu miwili ya kwanza mfululizo ulirushwa Jumatano na Alhamisi, na mwisho wa usiku wa kwanza shujaa aliachwa katika hatari huku sauti ya msimulizi ikiuliza kwa kihoro kama huo ndio mwisho wake. Sauti hiyo ilikuwa ya Dozier mwenyewe, bila ya jina lake kutajwa kama msimulizi. Kwa maneno mengine mtayarishaji, yaani mtu aliyejua kupita wote kwamba shujaa hatakufa kwa sababu mikataba ilikuwa imekwisha kutiwa saini, ndiye aliyepewa kazi ya kuogopa kwa niaba ya hadhira. Mchongaji alijifanya ametishwa na kinyago chake, na mamilioni wakatishika naye kwa furaha.

Gari la mtumba

Si kila kijihabari kina uzito huo. Vingi vinavyokusanywa na wapenzi wa mfululizo huu ni orodha za bei, na bei peke yake haifasiri kitu. Kwamba gari la Batman liliuzwa mnadani Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 4 ni habari ya mnada. Kwamba fundi George Barris alilipata gari lililozaa lile kwa dola 1 ni habari ya aina nyingine kabisa. Gari hilo lilikuwa Lincoln Futura, lililoundwa kwa mkono nchini Italia na kuonyeshwa mwaka 1955 kama mfano wa magari ya siku zijazo. Siku zijazo zilipofika hakuna aliyelitaka. Barris alikuwa nalo tu, na alipoombwa gari la shujaa katika muda wa wiki chache hakuwa na nafasi ya kuunda jipya. Alilikata hapa, akalinyoosha pale, akalipaka rangi nyeusi. Shujaa tajiri wa jiji la kubuni, basi, aliendesha gari la mtumba.

Msomaji anayetoka katika mji wa bandari ambako magari yaliyotumika Japani hushushwa kila wiki, na ambako fundi wa matatu huweza kujenga jumba zima la rangi na taa juu ya mifupa ya lori, anaisoma habari hiyo kwa jicho ambalo mpenzi wa Kimarekani hana. Kwake hii ni kazi anayoijua. Anachoweza kuuliza, na ambacho vijihabari vya kawaida havijali kukiuliza, ni kwa nini fahari ya namna hii ikitoka Hollywood huitwa ubunifu na ikitoka gereji ya matatu huitwa vurugu.

Fedha iliingia katika mtindo kwa njia nyingine pia. Maneno ya milio ya ngumi yaliyoandikwa kwa rangi kali wakati wa mapigano yaliwekwa awali juu ya picha yenyewe. Baadaye yaliandikwa kwenye kadi na kuingizwa kati ya picha na picha, njia ambayo gharama yake ni ndogo. Katika msimu wa tatu, kipindi kilipokuwa mara moja kwa wiki na bajeti ikiwa imepunguzwa, mandhari ya baadhi ya maonyesho yalibaki kuwa mlango mmoja na dirisha moja mbele ya giza. Wapenzi wa mfululizo huulilia msimu huo. Kwa maoni ya makala haya, mazungumzo yake ndiyo yaliyochoka. Mandhari yake yanawakaribia waigizaji wa jukwaa la kijiji, wenye kiti kimoja ambacho ni ikulu sasa hivi na ni mtumbwi baadaye.

Aliyelipia mtindo huo kwa mwili wake ni Burt Ward, mwigizaji wa Robin. Batman alivaa barakoa iliyoufunika uso karibu wote. Robin alivaa kibarakoa cha macho tu. Kwa maelezo ya Ward katika tawasifu yake iliyotoka 1995, matokeo yake ni kwamba mwenziwe aliweza kuwakilishwa na mtu mwingine penye hatari, ilhali yeye alilazimika kusimama mwenyewe penye milipuko, na alipelekwa hospitali zaidi ya mara moja, kwa ujira anaosema ulikuwa dola 350 kwa wiki. Ni maelezo ya upande mmoja, na tawasifu za waigizaji zina chumvi yake. Hata hivyo, baada ya kuyasoma, mtazamaji hawezi tena kumtazama Robin akikimbia kwa namna ileile. Kijihabari kimeingia ndani ya matini.

Mahali kicheko kinapokatika

Hapa ndipo inapobidi kugawanya mafungu mawili. Lipo fungu la vijihabari vinavyokiongeza kicheko, kama masharubu na ukuta. Lipo fungu jingine ambalo hukikata, na mkusanyaji wa kawaida hulipita haraka kwa kuwa linaharibu barza.

Catwoman, mwizi mwenye vazi la paka, aliigizwa katika misimu miwili ya kwanza na Julie Newmar, na kati yake na Batman kulikuwa na mvutano wa kimapenzi uliokuwa chemchemi ya mzaha mwingi. Katika msimu wa tatu, ulioanza mwaka 1967, nafasi hiyo ilichukuliwa na Eartha Kitt, mwimbaji na mwigizaji mweusi mzaliwa wa South Carolina. Mvutano ule ulitoweka. Catwoman wa Kitt ni mkali, ana sauti ya kukwaruza isiyosahaulika, na haelekezwi kabisa kwenye mahaba na shujaa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imezifuta sheria za kukataza ndoa baina ya weupe na weusi mwezi Juni mwaka huohuo. Televisheni haikuwa na haraka ya kuifuata mahakama. Mwezi Januari 1968 Kitt alialikwa chakula cha mchana katika Ikulu ya Marekani, akasimama mbele ya mke wa Rais Johnson na kusema dhidi ya vita vya Vietnam. Kazi zake nchini mwake zilikauka kwa miaka kadhaa, na mwaka 1975 ilifichuliwa kwamba shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limemwekea faili. Mtu anayezijua habari hizi na kisha akatazama kipindi ambacho Catwoman anatiwa mbaroni na kuambiwa kwamba sheria ni ya wote, huona kwamba uso mkavu wa shujaa umepata maana ambayo Dozier hakuikusudia.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki ni wa Lance Spearman. Kabla Batman hajafika pwani kwa kanda wala kwa diski, Spearman alikuwapo kwa picha na karatasi. Alikuwa shujaa wa jarida la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum kuanzia miaka ya 1960 na kuuzwa Afrika Magharibi na Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Hadithi zake zilisimuliwa kwa picha za kamera zilizopangwa ukurasani kama kibonzo, maneno yakiwa ndani ya viputo. Spearman ni mpelelezi mweusi wa jiji la kisasa lisilotajwa jina. Ana kofia ya Panama, tai ya kipepeo, sigara kubwa na gari la kasi; anaye msaidizi wa kike, Sonia, na kijana aitwaye Lemmy; na maadui zake, kama Rabon Zollo na Dr. Devil, hawapungukiwi na kitu mbele ya Joker. Ukempu wa jarida hilo hauhitaji hoja. Ngumi hazigusi kidevu, na damu ni rangi.

Kwa msomaji wa nchi iliyopata uhuru 1963, lililokuwa na nguvu si ngumi bali ni ukawaida wa mamlaka nyeusi. Mkuu wa polisi ni mweusi, daktari ni mweusi, tajiri ni mweusi, mhalifu mwenye akili ya kutisha ni mweusi, na hakuna anayelishangaa jambo hilo. Jiji lile lisilo na jina lilisomeka kama Nairobi ya kesho, au Lagos, au Mombasa yenye majengo marefu zaidi.

Kisha huja habari ya nyuma ya pazia. Mwenye Drum, Jim Bailey, alikuwa mzungu wa Afrika Kusini, mwana wa tajiri wa migodi. Picha zilipigwa huko kusini, Swaziland na Afrika Kusini. Mtu aliyekuwa Spearman aliitwa Jore Mkwanazi. Kabla ya kuvaa ile kofia alikuwa amefanya kazi ya utumishi wa nyumbani, na alikuwa mpiga kinanda katika kilabu cha usiku. Jiji la uhuru, kwa hiyo, lilitengenezwa chini ya kivuli cha ubaguzi wa rangi. Katika Afrika Kusini ya siku hizo mtu kama Mkwanazi alitakiwa na sheria kubeba pasi kila aendako. Polisi mweusi mwenye kumwamrisha mzungu hakuwapo. Na mtaa wenye nyumba kama ile ya Spearman haukuwa mtaa ambao angeruhusiwa kuishi.

Je, msomaji wa Kisauni aliyeyapenda magazeti yale alidanganywa? Msimamo mmoja utasema ndiyo, na una hoja nzito: faida ilikwenda kusini, na ndoto ya uhuru iliuzwa na watu waliokuwa wakiishi kwa kunyimwa uhuru kwa wengine. Msimamo huo, hata hivyo, unamsahau Mkwanazi. Kila picha ya Spearman ina watu wawili ndani yake, kama ilivyo picha ya Joker, ila hapa kilicho chini ya rangi si masharubu. Yule anayewasha sigara kwa majivuno ni mpelelezi asiyeshindwa na ni mtu ambaye kamera ikizimwa hurudi kuwa mwenye pasi mfukoni. Majivuno yale, ambayo mhakiki mwepesi angeyaona kuwa ni uigaji wa James Bond, huanza kusomeka kama kitendo. Mtu anafanya mbele ya kamera, kwa makini na kwa starehe, yale asiyoruhusiwa kuyafanya mtaani, naye anayafanya katika picha zitakazokwenda kutazamwa mahali ambapo yameruhusiwa. Wasomaji wa Mombasa hawakuijua habari hiyo, na waliyasoma magazeti yale kwa haki yao. Anayeijua leo anayasoma maradufu.

Hiki ndicho kipimo kinachopendekezwa na makala haya. Kijihabari hustahili kuingia katika uhakiki pale ambapo, mtu akisha kukijua, hawezi kurudi kwenye kazi na kuiona ileile. Bei ya mnada haifaulu mtihani huo. Masharubu yanafaulu kwa kicheko, na pasi ya Mkwanazi inafaulu kwa kukinyamazisha.

Banda la vidio

Katika mabanda ya vidio ya Mishomoroni na vitongoji jirani vya Kisauni, penye mabenchi, mabati na joto la watu waliobanana, filamu ya kigeni kwa muda mrefu haikuachwa iseme peke yake. Ilipitia kwa msimulizi. Mashuhuri wao nchini Kenya ni DJ Afro, ambaye huweka juu ya sauti ya filamu usimulizi wake wa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, na Uganda wana jeshi zima la wasimulizi wa aina hiyo. Wapo wanaoliona hili kuwa ni uharibifu wa filamu. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ni utambaji wenye vifaa vipya. Msimulizi huwapa wahusika majina ya mtaani, huwatania, huwaonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na akiiona kamba yuko huru kuitaja. Kiti alichokalia Dozier kimehamishiwa mbele ya hadhira yenyewe, na pazia limetolewa. Hadhira ya banda hilo haihitaji kungoja mkusanyaji wa vijihabari baada ya miaka 30. Hupewa filamu na kijihabari katika sahani moja.

Haishangazi, basi, kwamba shujaa wa mzaha aliyezaliwa Kenya alitoka katika masikio ya watoto waliosikia filamu vibaya. Mwaka 1983 Clint Eastwood, katika filamu ya Sudden Impact, alimwambia mhalifu maneno matatu ya Kiingereza ya kumchokoza. Watoto wa Nairobi waliyasikia kama neno moja, wakalifanya jina: Makmende. Mtoto aliyejitia ubabe mchezoni aliulizwa kama anadhani yeye ni Makmende. Mwezi Machi 2010 bendi ya Just a Band ilitoa video ya wimbo Ha-He, ambamo Makmende, mwenye nywele za miaka ya 1970 na uso mkavu kuliko wa Adam West, anawapiga wahuni bila kutokwa na jasho. Katika muda wa siku chache Wakenya mtandaoni walimbunia wasifu mzima wa miujiza na majalada ya majarida ambayo hayakuwahi kuchapishwa. Wikipedia iliifuta makala yake zaidi ya mara moja, kwa kutoona umuhimu wa mtu huyo, kabla ya kuikubali. Mwenye kuifuta hakuwa na ubaya. Alikosa tu kuwapo pale watoto walipokuwa wakisikia vibaya. Shujaa mzima alikuwa ni kijihabari, na aliyekosa kijihabari hakuona shujaa.

Fasihi ya pwani ilikuwa imekwisha kuligusa suala hili mapema. Utenzi wa Fumo Liyongo, katika umbo lililoandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ni kazi ya mshairi ambaye pia alikuwa mchongaji wa mbao, na una maonyesho mawili yanayohusu moja kwa moja habari za nyuma ya pazia. La kwanza ni la gerezani. Mama yake Liyongo anampelekea mkate wa wishwa, chakula ambacho walinzi wanakidharau na kukiacha kipite, na ndani yake mna tupa. Usiku Liyongo anakata minyororo huku ngoma na nyimbo alizoziomba zikiufunika mlio. Hadhira inaijua hila yote kuanzia jikoni, na utamu wa onyesho unatokana na kuijua.

La pili ni la kisimani. Baada ya kuchomwa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, Liyongo anakwenda kupiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa katika upinde, na anafia katika mkao huo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na kukimbia. Hakuna anayethubutu kuteka maji, kwa kuwa anaonekana yu tayari kupiga. Siku zinapita, na kiu inauma. Mwisho wanamwendea mama yake wamwombe akamtulize mwanawe. Mama anakwenda, anasimama kando, anamwimbia na kumbembeleza akidhani amekasirika. Yeye aliyeoka mkate na kuficha tupa ndani yake, aliyekuwa nyuma ya pazia katika hila ile ya kwanza, safari hii yuko mbele ya pazia pamoja na mji mzima, na anakiimbia kilichokwisha kuwa kinyago. Liyongo hamjibu. Maji hayakutekwa mpaka mwili ulipoanguka wenyewe.